SOMO: Kuandika habari za mradi wako bila kukatika

Wengi wanaoacha kuwaandikia wenzao habari za mradi, uwe kukarabati chombo cha baharini, kulima mwani au kushona, muda wanao. Tatizo ni kwamba wanakaa kuandika saa 3 usiku, wamechoka, na vipimo vya mchana vimeshawatoka. Basi gawa kazi: kunukuu pale pale kazini, kuandika nyumbani.

1. Weka daftari la mfukoni na penseli kwenye kisanduku cha zana. Usiweke peni, maana wino wa baadhi ya peni ukipata maji ya chumvi unachuruzika.

2. Kabla hujaondoka kazini, andika mistari 3: nimefanya nini, kwa kiasi gani, kipi kimegoma. "Nimetia kalafati", yaani nimeziba mianya ya mbao kwa pamba, haikusaidii kitu. Andika: "Mshono wa pili kutoka mkukuni, kushoto, urefu pima 1, pamba nyuzi 2. Karibu na msumari wa tatu bado panavuja." (Mkuku ni mti mkuu wa chini ya chombo.)

3. Picha 2, ya mbali na ya karibu, futi ikiwa kando. Bila futi, mwezi ujao hutajua ufa ulikuwa mkubwa kiasi gani.

4. Siku ya kuandika. Hapa ndipo watu wa Tanga tunapojikwaa, tunashika "kila Jumamosi saa 10" kama watu wa ofisini. Mwenye mwani au chombo cha kukarabati anafuata maji, na saa za maji kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Bamvua likija, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kazi za pwani zinarundikana, usijipangie kuandika. Subiri maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, kuanzia tarehe 8 hivi ya mwezi wa kuandama, na tena 22. Unapata vikao 2 kwa mwezi, na vinatosha. Fundi cherehani wa Ngamiani, mjini Tanga, haya hayamhusu. Yeye achague usiku mmoja baada ya Isha, basi.

5. Kikao ni dakika 25: 5 kusoma daftari, 15 kuandika bila kufuta, 5 kuweka picha na mstari mmoja wa kazi inayofuata. Kikao kijacho utaanzia kwenye mstari huo.

Ukiruka kikao, usilipe deni. Anayetaka kuandika ya miezi miwili usiku mmoja ndiye anayeacha kabisa.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Kazi imesimama, nasubiri mbao. Niandike nini?
– Marahaba. Andika bei uliyoambiwa, urefu na unene ulioagiza, na kwa nini zimechelewa. Anayetaka kuunda mashua yake anayahitaji hayo kuliko picha ya mashua iliyokwisha.

– Nina mtoto mchanga, dakika 25 sizipati.
– Pole dada. Jirekodi kwenye simu dakika 2, ukianza na namba. Ukiwa ufukweni jikinge na upepo, la sivyo utasikia mvumo tu. Kikao kigawe mara mbili.

– Umeme ukikatika?
– Daftari halina chaji, ndugu yangu.

– Nikiandika nilipokosea, mafundi si watanicheka?
– Watacheka, kisha watakuambia dawa yake. Ila kazi ikiwa ya mteja, jina lake na la chombo chake usiyataje.