Jinsi ya kupiga hesabu ya ugonjwa wa kurithi kwa karatasi na kalamu

Kama kwenye ukoo wenu kuna ugonjwa unajirudia rudia, mtu huku mtu kule, usikae na maneno ya mkosi wala kumtupia mama wa mtoto lawama. Chukua karatasi tuchore, ni viboksi vinne tu.

Kwanza shika hiki. Una kromosomu 46, yaani vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya chembe za mwili, 23 za baba na 23 za mama, kwa hiyo karibu kila jeni unayo mara mbili. Ukija kuzaa hutoi zote mbili, unatoa moja, na hakuna anayechagua ipi itoke, ni kama kurusha sarafu.

Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na maandishi yakibadilika ndo tunasema kuna mabadiliko ya jeni. Mengi hayana madhara yoyote. Ila angalia selimundu, ugonjwa wa damu: kwenye jeni ya hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kromosomu ya 11, pale palipotakiwa kusomeka GAG panasomeka GTG, yaani herufi moja tu imebadilika, na kwa hiyo herufi moja chembe nyekundu ya damu iliyokuwa duara laini inajikunja kama mundu, inanasa kwenye vimishipa vidogo na mtu anapata maumivu makali sana.

Haya sasa tuchore. Hemoglobini ya kawaida iite A, ile yenye hitilafu iite S. Mwenye AS anaitwa mbebaji, kwa kawaida haumwi na anaweza kuzeeka bila kujua, mwenye SS ndo mgonjwa. Chora mraba, ugawe kwa msalaba. Juu andika A na S za baba, ubavuni A na S za mama, kisha kila kiboksi kijaze herufi ya juu na ya pembeni. Utapata AA, AS, AS, SS. Mtoto mgonjwa ni robo, mbebaji nusu, asiye nayo kabisa robo. Na unaona mwenyewe hapo kwamba S moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama, hakuna wa kumlaumu peke yake.

Hapa ndo wengi wanapotea jamani, na inaumiza watu: robo haimaanishi wa kwanza akiumwa watatu wanaofuata wako salama. Ni robo kwa kila mimba, upya, sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna familia zina wagonjwa watatu na nyingine hazina hata mmoja, na wazazi wote ni AS.

Kingine ambacho watu hawakiangalii. Wewe ni mzima, ndugu yako wa baba na mama mmoja ana SS, na wazazi wenu wote ni AS. Kata kiboksi cha SS maana we sio mgonjwa, vimebaki vitatu, na viwili kati ya hivyo ni AS. Kwa hiyo uwezekano wako wa kubeba ni mbili ya tatu, sio nusu. Kapime kabla hujapanga kuzaa.

Sio kila ugonjwa unafuata njia hii lakini. Huntington, ugonjwa unaoharibu ubongo taratibu, inatosha jeni moja tu yenye hitilafu, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu. Hemofilia ile ya kawaida, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, inakaa kwenye kromosomu ya X, na baba anampa mwanae wa kiume Y, kwa hiyo baba mgonjwa hamrithishi mtoto wa kiume, ila mabinti zake wote wanabeba jeni hiyo. Mama mbebaji, kila mtoto wa kiume ana nusu ya kuumwa. Na kuna mabadiliko yanayotokea mapya kabisa, watoto wengi wenye ufupi wa akondroplasia wana wazazi wa kimo cha kawaida, hivyo usimtilie mtu mashaka ya uzazi kwa sababu hiyo.

Tukirudi kwenye selimundu, ukienda kupima, kundi la damu siyo jibu, O au B haikwambii lolote kuhusu AS. Omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, kinaitwa elektroforesisi. Kile cha haraka cha kuangalia kama damu inayeyuka au inaweka ukungu kinaonyesha S ipo tu, hakikutofautishii AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kudanganya maana bado ana hemoglobini nyingi ile aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Na kama umeongezewa damu miezi ya karibuni waambie kabla hawajakuchoma sindano, la sivyo unaweza kusomewa damu ya aliyekuchangia.