Ukitaka kwenda Marawi, Ufilipino

Marawi iko kisiwa cha Mindanao, pembeni ya ziwa Lanao, mji wa Waislamu wa kabila la Wamaranao. Mwaka 2017 ulipigwa vita miezi 5, kuanzia Mei hadi Oktoba, kati ya jeshi na wapiganaji waliojiita wa ISIS, na katikati ya mji kukabaki magofu, watu kibao wakakimbia na wengi bado hawajarudi kwao.

Panda ndege mpaka Laguindingan, afu gari mpaka Iligan, hapo utapata gari za kupanda mlimani mpaka Marawi. Beba sweta, kule juu kuna baridi kidogo. Kabla hujakata tiketi angalia tahadhari za usalama, na tafuta mwenyeji mapema maana bila mwenyeji sikushauri kabisa. Kitambulisho usiache, kuna vizuizi vya askari.

Vaa nguo za stara, salimia kwa salamu aleikum, watakupokea vizuri mno. Pombe sahau.

Sasa hili nasisitiza: ile sehemu iliyobomolewa sio ya kupigia selfi, pale ni nyumbani kwa watu na wengine walifia humo, omba ruhusa kwanza na kama mtu hataki kuongelea vita muache. Pesa yako tumia kwao jamani, kula kwenye vihoteli vyao, onja palapa, ni kitunguu cha kule na tangawizi na pilipili, kali hatari ila tamu, na ukifika Tugaya, mji mdogo wa jirani, nunua vyombo vya shaba kwa mafundi wenyewe.