Uyoga usioufahamu: chimbua, usichume

Ukikutana na uyoga wa ajabu msituni, usiukate juu kwa juu. Uchimbue kwa kisu, taratibu, hadi uone unapoanzia. Uyoga wa jamii ya Amanita, ambamo umo uyoga wenye sumu kali kuliko wote, huchomoza kwenye kifuko mfano wa ganda la yai. Ukikata shina, kifuko kinabaki udongoni nawe unaondoka na kofia inayovutia, isiyokuambia kitu. Uyoga wa vichuguu, Termitomyces, nao una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye makao ya mchwa.

Kabla ya kuchimbua, piga picha na uandike: umeota kwenye gogo, udongo au samadi? Miti gani iko jirani? Unanuka vipi? Beba kila aina peke yake kwenye karatasi. Mfuko wa nailoni huufanya utoke jasho na kuoza.

Ukiokota "yai" jeupe, lipasue katikati toka juu hadi chini. Ukiona mchoro wa kofia na shina ndani, huenda huyo ni Amanita mchanga. Ukikuta utando wa utelezi kama jeli, huenda ni Phallus, ule unaonuka mzoga ili nzi wausambaze. Spishi moja, Phallus indusiatus, huteremsha wavu mweupe kama shela. Ukiuona mara moja hutausahau.

Nyumbani, laza kofia kwenye karatasi, upande wa chini ukigusa karatasi, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utakuta vumbi la spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, limechora mistari yake. Tumia karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, kwani spora nyeupe hazionekani kwenye nyeupe. Vumbi la kijani ni dalili ya Chlorophyllum molybdites, unaotapisha vibaya ingawa unafanana na uyoga mzuri.

Hayo yote ni ya kutambua, si ruhusa ya kula. Kwamba wadudu wameula hakuthibitishi chochote, na kuchemsha hakuondoi sumu ya Amanita phalloides. Dalili zake huchelewa saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha mgonjwa hupata nafuu ya uongo huku ini likiharibika. Aliyekula uyoga wenye shaka apelekwe hospitali hata kama bado anajisikia vizuri, na mabaki ya uyoga, hata maganda, yaende naye.