Namna ya Kuwafungulia Wanafunzi Matawi ya Falsafa kwa Kesi ya Socrates

Walimu wengi huanza somo la falsafa kwa kuorodhesha ubaoni majina ya matawi pamoja na fasili zake, nao wanafunzi huzinakili na kuzikariri kwa ajili ya mtihani. Inafaa zaidi kuanza na shauri moja linaloyagusa matawi karibu yote, na kutotaja jina la tawi lolote mpaka darasa lenyewe liwe limeuliza swali la tawi hilo.

Simulia kesi ya Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mwaka 399 kabla ya Kristo, mjini Athens, mzee huyu mwenye umri wa miaka 70 hivi alishtakiwa kwamba haiheshimu miungu ya mji na kwamba anawapotosha vijana, akahukumiwa kunywa sumu. Akiwa gerezani, rafiki yake Crito alimjia alfajiri na mpango wa kumtorosha. Ishia hapo, kisha waulize wanafunzi kama inampasa kukubali.

Majibu yatajigawa yenyewe. Wapo watakaotaja watoto wake atakaowaacha yatima, na hao wameingia katika falsafa ya maadili. Wapo watakaohoji kama mji una haki ya kumdai mtu uhai wake, na hao wamo katika falsafa ya siasa. Sasa ndipo uyaandike majina hayo ubaoni. Baada ya hapo eleza jibu la Socrates kama mwanafunzi wake Plato alivyoliandika: kwamba dhuluma hailipwi kwa dhuluma, na kwamba mtu aliyeishi mjini maisha yake yote, hali alikuwa huru kuhama, amekwisha kukubaliana na sheria za mji huo. Waache walishambulie jibu hili. Katika darasa la Kenya hakosekani mwanafunzi wa kuuliza kama Mwafrika aliyelazimishwa na serikali ya kikoloni kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho, naye alikuwa amekubaliana na sheria hiyo, na swali hilo lastahili kupewa kipindi kizima.

Nadharia ya maarifa ianzie mahakamani. Socrates alijitetea kwamba aliwahoji wanasiasa, washairi na mafundi, akagundua kwamba wanadhani wanajua wasiyoyajua. Hapo uliza kujua ni nini. Chukulia kwamba saa ya ukutani ilisimama jana saa nne kamili asubuhi, na leo mwanafunzi asiye na habari ameitazama saa nne kamili. Anachoamini ni kweli, na anayo sababu ya kukiamini, je, anajua? Makala fupi ya mwanafalsafa Edmund Gettier ya mwaka 1963 iliibua mjadala mrefu kwa mifano ya namna hii.

Metafizikia, yaani tawi linalouliza kuhusu asili ya vitu vilivyopo, inahitaji uangalifu, kwa kuwa siku yake ya mwisho Socrates alizungumzia kutokufa kwa roho, na mada hiyo hugeuka upesi kuwa mahubiri. Ninashauri uanze na swali la karibu zaidi: ni kitu gani kinachomfanya mzee wa miaka 70 awe mtu yuleyule aliyekuwa mtoto, ilhali mwili, mawazo na kumbukumbu zake vimebadilika?

Mantiki isingoje zamu yake. Kila hoja dhaifu inapojitokeza, ilinganishe na hii: kila samaki huogelea, Juma huogelea, kwa hiyo Juma ni samaki. Kuhusu falsafa ya sanaa, yatosha kuwaambia kwamba Plato, mwandishi hodari kama alivyokuwa, alitaka washairi wengi wasiruhusiwe katika mji wake bora, kisha wajadili iwapo ni haki kufungia wimbo kwa sababu ya maneno yake.

Zoezi la kufungia mada litoke kwa mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye katika utafiti wake wa wazee wenye hekima alimtofautisha mzee anayeeleza tu mapokeo ya jamii yake na yule anayeyapima na hata kuyakosoa. Kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja, amuulize swali mojawapo lililozuka darasani, na asiridhike na methali atakayopewa bali aulize kwa nini. Unaposahihisha, alama nyingi ziende kwa swali la pili na la tatu ambalo mwanafunzi aliliuliza, na kwa maelezo yake kuhusu tawi ambalo kila swali limeangukia.