Vitabu vya kutambulia majambia na panga za kale: kipi kwanza, na kitumike vipi

Misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo kwenda Tabora, kwa hiyo si ajabu jambia la Kiomani kuibuka hata Kondoa. Kabla hujatoa hela, uwe na vitabu vyake.

Anza na cha George Cameron Stone cha 1934. Ni kamusi ya silaha za dunia nzima, na chapa ya Dover ya 1999 inakutosha. Usihangaikie ya mwanzo. Kimepangwa kwa majina, na hapo ndipo wengi hupotea. Kwetu kitara ni upanga uliopinda, lakini wakusanyaji wa nje huita "kattara" ule wa Kiomani ulionyooka, mpini mrefu wa mviringo, bila kikinga mkono. Ukifuata jina utasoma habari za silaha nyingine kabisa. Fuata umbo, pitia michoro. Kuhusu umri usimtegemee Stone.

Kitabu cha kudunduliza hela ukinunue ni cha Robert Elgood cha 1994, kuhusu silaha za Arabuni za karne ya 18 hadi ya 20. Kwa India yupo Egerton, 1880, anayepatikana bure mtandaoni. Ongeza katalogi ya silaha za Kiislamu ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ya David Alexander, 2015. Ipakue, uihifadhi kwenye flashi.

Sasa pima, ndipo ulinganishe. Picha peke yake hudanganya. Chukua urefu kuanzia mpini hadi ncha, upana penye mpini, kisha unene wa mgongo mara tatu kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene): karibu na mpini, katikati, na sentimita 10 kabla ya ncha. Bamba, yaani chuma chenye makali, likifuliwa vizuri hupungua unene taratibu kuelekea ncha. Likiwa milimita 5 mwanzo hadi mwisho, shuku kipande cha springi ya gari au bati nene lililokatwa. Andika vipimo vya bamba na vya mpini kila kimoja peke yake, maana bamba la zamani mara nyingi huvishwa mpini mpya, na kila kimoja utakitafuta kwenye ukurasa wake vitabuni.

Ukiona alama ya mbwa mwitu anayekimbia, usishangilie. Ni alama ya wafua panga wa Passau na Solingen, Ujerumani, lakini imeigwa kwa karne nyingi. Inakupa pa kuanzia kutafuta, haithibitishi asili.

Vitabu hivi ni ghali na mchwa wa Dodoma hawachagui. Tumia rafu ya chuma, iwe sentimita 10 kutoka ukutani. Vumbi liondoe kwa brashi laini, kwani kitambaa hukwaruza kurasa za picha. Zikilowa mvua ya Desemba, usikifunge kitabu: karatasi hizo zinazong'aa zikikauka zimebanana hazibanduki tena. Weka karatasi nyeupe kila baada ya ukurasa, uzibadilishe hadi kikauke.