Umechukua panya wa kufuga? Chakula na afya kwenye mwezi wake wa kwanza kwako

Naandika hii kwa mtu ambaye usiku huu ana panya wawili kwenye keji sebuleni na hajui aanzie wapi. Mi yalinikuta hapa Coventry, Uingereza, nikaingia kutafuta maelezo kwa Kiswahili, kila nilichokutana nacho ni sumu na mitego. Sasa panya wameshafika, mtoto ameshawapa majina, inabidi wale vizuri na wawe wazima.

Wangu walitoka kwa mtu aliyekuwa anahama, majike wawili wa miezi 8 hivi, akanipa na keji na nusu mfuko wa chakula. Binti yangu akawaita Karanga na Tui. Nikampigia mama Tanga kumwambia, akanyamaza kidogo afu akauliza, "Wanakula nini?" Kwa hiyo naanza na hapo hapo.

Siku za kwanza usibadilishe chakula hata kama unaona ni kibaya. Muombe aliyekupa akuambie alikuwa anawapa nini na akufungashie cha wiki moja. Panya hatapiki, mwili wake hauwezi kabisa, kwa hiyo anajilinda kwa njia nyingine, akikutana na kitu kigeni anaonja kidogo anaacha, anasubiri aone tumbo litafanyaje ndo arudi tena. Ukimwaga chakula kipya chote siku moja, na nyumba ni mpya, harufu mpya, na kuna mtoto anachungulia kila dakika, anaweza akagoma kula au akaharisha. Mi nilianza na robo ya kipya kwa robo tatu ya zamani, siku ya nne nikaweka nusu kwa nusu, kufika siku ya kumi nikawa nimehamia kipya chote.

Na kipya chenyewe kiwe peleti, vile vidonge vigumu vya chakula vilivyotengenezwa kwa ajili ya panya wakubwa, sio vya hamsta wala sungura. Ule mchanganyiko wa mbegu za alizeti, mahindi na vipande vya rangi rangi unapendeza macho lakini panya anachagua, Karanga alikuwa anachambua kama mtu anachambua mchele, anatoa alizeti zote anakula, vingine vyote vinabaki kwenye bakuli, na mimi naona bakuli lina chakula najua wameshiba. Kwenye peleti kila kidonge ni sawa na mwenzake, hana cha kuchagua. Angalia lebo, kwa panya mzima protini iwe kati ya asilimia 14 na 18 na mafuta asilimia 4 mpaka 6 hivi. Kila mmoja anakula gramu 15 mpaka 20 kwa siku. Wadogo wanaokua bado, chini ya miezi mitatu, wanahitaji protini zaidi, waongezee kipande cha yai la kuchemsha.

Maji yawepo muda wote, na ile chupa ya kuning'iniza iguse kwa kidole kila asubuhi uone kama kile kigololo kinatoa maji, maana kinaganda na chupa inaonekana imejaa kumbe wana kiu tangu jana.

Sasa vya jikoni kwetu. Sukuma wiki, brokoli, boga la kupikwa, karoti, tango, njegere, hivi wape kila siku kidogo, kama kijiko kimoja cha chakula kwa mmoja kinatosha. Wali au ugali wa dona kibonge kidogo sio mbaya lakini usigeuke ndo chakula chenyewe. Dagaa mmoja mmoja asiye na chumvi wanampenda sana. Maharage na kunde mpaka viive kabisa, maharage makavu yasiyoiva yana sumu ya asili ambayo inaisha yakichemka vizuri. Kiazi chenye ukijani tupa. Chokoleti, soda, pombe, chakula chenye ukungu, hapana. Siagi ya karanga watu wengi wanawapa kwenye kijiko na hii naomba uiache, inanata kooni na mnyama asiyeweza kutapika akikabwa ana kazi kubwa ya kujitoa, kama lazima basi paka nyembamba sana kwenye kipande cha mkate mkavu.

Kama una madume kuna jambo la ziada. Maganda ya machungwa na malimau yana kitu kinaitwa limonini, na panya dume ana protini fulani mwilini mwake ambayo ikikutana na hicho kitu inaharibu figo, jike hana shida hiyo na binadamu pia hana. Wafugaji wengi wanaliweka na embe kwenye orodha hiyo hiyo. Mi ningekuwa na dume ningeacha vyote viwili tu, matunda mengine yapo.

Nunua mizani ya jikoni ya dijitali, weka bakuli juu yake, panya ndani, andika tarehe na uzito, kila Jumapili. Kati ya vitu vyote nilivyonunua hiki ndo nisingekubali kukosa. Panya anaficha ugonjwa, porini anayeonekana mgonjwa ndo anayeliwa kwanza, kwa hiyo anaendelea kutembea na kujisafisha huku amekwisha ndani kwa ndani, lakini gramu hazifichiki. Majike wengi wanakuwa kati ya gramu 250 na 350, madume 450 mpaka 550 au zaidi kidogo. Karanga alikuja na 410, alizeti zile, na ilichukua miezi mitatu kumshusha. Ukiona panya aliyekomaa amepungua gramu 20 au 30 kwa wiki bila wewe kubadilisha kitu, usisubiri Jumapili ijayo.

Kitu cha pili ni sikio lako. Mnyanyue kwa mikono miwili, ubavu wake uweke sikioni, sikiliza. Panya mzima hutasikia kitu zaidi ya moyo unaokimbia. Kupiga chafya siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, nyumba mpya ina vumbi lake na harufu zake. Lakini ukisikia mluzi, kukoroma, au mlio kama mtu anakunja karatasi chumba cha pili, huyo ana kifua. Panya wengi sana wa kufuga wamebeba bakteria anaitwa Mycoplasma pulmonis tangu walipokuwa wananyonya, anakaa kimya kwenye mapafu, na anaamka panya akipata stresi, na hakuna stresi kubwa kama kuhamishwa nyumba. Ndo maana wengi wanaumwa ndani ya wiki za mwanzo na mfugaji mpya anadhani kauziwa mgonjwa au kakosea yeye.

Kinachomuamsha zaidi ni harufu ya mkojo, ile amonia inayochoma macho. Safisha kona wanayokojoa kila siku, lakini usiondoe kila kitu kwa mpigo mmoja, ukitoa harufu yao yote wanakojoa upya kila mahali kuweka alama, afadhali ubakize kitambaa kimoja cha zamani. Na maranda ya mbao za paini au mwerezi usiweke, yananukia vizuri kwetu lakini ile harufu inaumiza mapafu na ini lao. Weka karatasi zilizosagwa au katani isiyo na vumbi.

Tui alianza mlio wiki ya tatu. Ijumaa jioni. Kliniki ya kwanza niliyopiga waliniambia wao ni mbwa na paka tu, ya pili hivyo hivyo, mpaka Jumatatu ndo nikampata dokta anayetibu wanyama wadogo, na hizo siku tatu nilikuwa naamka usiku kumsikiliza. Kwa hiyo kabla hujanunua hata bembea ya keji, piga simu leo, uliza swali moja, "Je, mnatibu panya?", na ukipata jibu la ndiyo andika namba ubandike kwenye friji. Dokta anaweza kutoa antibiotiki kama doksisaiklini au enrofloksasini, kipimo kinatokana na uzito, usichukue vidonge vilivyobaki vya binadamu ukakadiria. Bakteria hawaishi kabisa, wanarudi kulala, kwa hiyo huo mlio unaweza kurudi siku nyingine na ndo maana sikio haliachi kazi.

Machozi mekundu yatakutisha. Unaamka unakuta puani na machoni kuna kitu kama damu iliyokauka. Mara nyingi sio damu, ni ute wenye rangi inayoitwa pofirini unaotoka kwenye tezi nyuma ya jicho, na ukiumulika kwa taa ya urujuanimno (UV) unang'aa rangi ya waridi, damu haing'ai. Kidogo baada ya kulala ni kawaida. Ukiwa mwingi kutwa nzima maana yake panya ana stresi au anaumwa, rudi kwenye mizani na sikio.

Vingine vya kawaida ambavyo watu wanakimbilia hospitali navyo: meno ya mbele ya njano iliyokolea ndo rangi yake sahihi, na yanaota maisha yote kwa hiyo wape kitu cha kuguguna. Panya mwenye macho mekundu anayeyumbisha kichwa kushoto kulia hajaugua, haoni vizuri, anajaribu kupima umbali. Anakula baadhi ya vinyesi vyake, anarudisha vitamini, mwache. Kusaga meno huku macho yanatokatoka kwa furaha ni raha, lakini kusaga huku kajikunja na manyoya yamesimama ni maumivu.

Vigaga shingoni na mabegani mara nyingi ni utitiri au chawa, ambao nao wanaibuka kipindi cha kuhama. Dawa ni ya matone, anapewa na dokta kwa uzito. Usimpake dawa ya viroboto ya mbwa. Geuza na nyayo, zikiwa na wekundu au kidonda basi angalia sakafu ya keji, waya mtupu unawachubua na unene unaongezea, funika kwa kitambaa.

Kwa majike, kila wiki pitisha vidole kuanzia kwapani mpaka mapajani, maana tishu za maziwa zimesambaa eneo lote hilo. Uvimbe wa matiti ni kitu cha kawaida sana kwa majike wasiofungwa kizazi, mwingi sio saratani mbaya lakini unakua haraka mpaka anashindwa kutembea, na ukiwa kama njegere kuutoa ni upasuaji mdogo kuliko ukiwa kama yai.

Aliyechukua jike kutoka mahali palipochanganya dume na jike ahesabu siku 23 kabla hajapumua, panya anaweza kushika mimba akiwa na wiki tano sita tu. Na kama nyumbani una panya wengine, hawa wapya wakae chumba tofauti wiki mbili au tatu, nawa mikono na badilisha nguo kati yao.

Nyie wenyewe pia. Nawa kila ukiwashika, watoto wasiwabusu, wasile wakiwa nao. Wanaweza kubeba bakteria wa homa ya kung'atwa na panya, na Marekani mwaka 2017 kulikuwa na mlipuko wa virusi vya Seoul uliotokana na panya wa kufuga. Ni nadra, ila ukipata homa baada ya kung'atwa au kukwaruzwa mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba unafuga panya, hatakisia.

Watu wa nyumbani wananiuliza kama hawa ni sawa na wale panya buku wa Morogoro wa shirika la APOPO wanaonusa mabomu ya ardhini na TB. Sio wenyewe, wale ni jamii nyingine na wanafika hata miaka 8. Hawa wetu ni miaka 2 mpaka 3 basi, kwa hiyo wiki moja ya kusema "ngoja tuone" kwa panya ni muda mrefu sana. Akipumua kwa mdomo, akivuta mbavu kwa nguvu, akipoa mwili, au asipogusa hata kile anachokipenda kuliko vyote, nenda siku hiyo hiyo.

Dawa ya Tui ilikuwa chungu, akawa anaitema. Nikaiponda kwenye ndizi mbivu kiasi cha nusu kijiko cha chai, nampa nikimtoa nje ya keji peke yake ili Karanga asimnyang'anye, nasimama pale mpaka kijiko kiwe kitupu. Siku ya tano mlio ulikuwa umeisha, nikaendelea mpaka siku ya mwisho aliyoandika dokta.