Folklifti inayochemsha kwenye ghala la mkonge: itunze hivi isisimamishe kazi

Folklifti ikisimama wakati lori linasubiri marobota, wapakizi wanakaa na zamu ya bandarini inapotea. Kwenye maghala ya Tanga maadui wa mashine hizi ni wawili: singa, yaani nyuzi za mkonge, na hewa ya chumvi.

1. Daftari
Andika kila asubuhi namba ya mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Vitabu vingi vya folklifti za dizeli vinataka oili na filta ya injini kila saa 250, ila fuata kitabu cha mashine yako. Tumia daftari la karatasi, lifunge kamba kwenye mashine. Programu ya simu inabaki na mwenye simu, na dereva wa usiku haioni.

2. Kabla ya kuwasha
Oili, kulanti, breki, matairi. Toa maji chini ya filta ya dizeli.

3. Rejeta
Hapa ndipo mafundi wanabadilisha thermostati, kisha pampu ya maji, na mashine bado inachemsha.

Feni ya lori huvuta hewa kutoka mbele, kwa hiyo uchafu unakaa nje, unauona. Feni ya folklifti nyingi husukuma hewa kutoka kwenye injini kwenda nyuma. Singa zinaganda upande wa ndani, kati ya feni na rejeta, zinashikana kama blanketi. Ukitazama kwa nyuma, rejeta inang'aa.

Hakikisha kwanza: injini ikiwa inazunguka, weka karatasi kwenye wavu wa nyuma. Ikisukumwa nje, feni ni ya kusukuma. Basi zima, shusha uma, toa ufunguo, subiri ipoe, vaa miwani. Puliza kutoka nyuma kuelekea injini. Tumia upepo mdogo, paundi 30 hivi, na bomba liwe wima na mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Ukilaza bomba unayapinda.

Usiishie hapo. Singa zilizotoka zimeangukia mbele ya feni. Usipozitoa kwa mkono, ukiwasha zinarudi palepale. Mwisho weka tochi nyuma, chungulia kutoka upande wa injini: mwanga upenye kila sehemu. Penye giza, rudia.

Mashine ya maji ya presha usiitumie kwenye singa kavu, inazishindilia. Kama mapezi yana oili, tafuta kwanza inapovuja, halafu osha kwa sabuni na maji ya taratibu. Sponji za pembeni mwa rejeta zikikatika weka nyingine, la sivyo hewa ya moto inazunguka na kurudi ndani. Kwenye mkonge fanya haya kila siku. Wiki ni mbali mno.

4. Minyororo ya mlingoti
Hii ndiyo inayoinua uma. Chumvi inaila ndani, kwenye pini. Grisi inabaki juu tu. Paka oili ya injini kwa brashi, ipenye. Inua uma kidogo minyororo ikazike, kisha pima pingili 20 kwenye sehemu inayopita juu ya roda. Kama zikiwa mpya zilikuwa milimita 508, zikifika 523 zimerefuka asilimia 3: badilisha yote miwili kwa pamoja. Kuunga pingili kwa kuchomelea ni hatari kwa anayesimama karibu na robota la kilo 250.

5. Magurudumu
Kata singa zilizojisokota kwenye ekseli kila mwisho wa zamu. Zinakata sili, raba inayozuia oili au grisi isitoke, na kinachovuja kinaingia kwenye breki. Sili moja, mkanda wa feni mmoja na kofia ya rejeta viwe kabatini muda wote.